Tulipu imetoa majani matupu, ua liko wapi?

Swali hili hurudi kila msimu. Mara nyingi tunguu, yaani sehemu ya tulipu inayopandwa, yenye umbo kama kitunguu, halikupata baridi. Linahitaji wiki 12 hadi 16 kwenye nyuzijoto 2 hadi 9 ndipo ua lililomo ndani likue vizuri. Kama kwenu hakuna majira ya baridi, yaweke matunguu kwenye mfuko wa karatasi ndani ya friji, mbali na matofaa na ndizi mbivu. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoua ua changa ndani kwa ndani, na kwa nje huoni kitu.

Panda kina cha sm 15, ncha juu, pasipotuama maji. Tunguu likibonyea kidoleni limeoza, tupa.

Ua likinyauka, kata kichwa tu, nguvu isiishie kwenye mbegu. Majani yaache mpaka yageuke njano, kama wiki 6 hivi. Ndiyo yanayolisha tunguu kwa ajili ya mwakani. Wanaoyafunga mafundo ili bustani ipendeze wanalinyima chakula.

Na maua yaliyokatwa yakipinda kwenye chombo? Hayajaharibika. Tulipu huendelea kurefuka hata baada ya kukatwa, tena hufuata mwanga. Zungusha chombo kila siku.