Kambamiti wa bwawani, wiki ya 1 hadi ya 6

Wiki ya 1. Majike 8 na madume 8, wote wamekulia bwawani, nataka watage tangini. Maji nyuzi 28, chumvi 31 kwa elfu. Jike mkubwa ana gramu 110. Nimewapa punje zilezile za chakula cha dukani walizozoea. Uvivu wangu, nakiri.

Wiki ya 3. Kila usiku nawamulika mgongoni kwa tochi, natafuta mstari wa kijani wa ovari (kifuko cha mayai) inayojaa. Hola. Jamaa mmoja kaniambia nikate kikonyo cha jicho moja: humo ndimo inamotoka homoni inayozuia mayai kukomaa, ukikikata jike hukomaa ndani ya siku chache. Sawa, lakini mayai hayo atayajenga kwa akiba ipi? Kisu kikae kwanza.

Nimebadilisha chakula: ngisi na kome mchana, minyoo wa tope (wale wa chambo) usiku. Milo 4, jumla kama asilimia 20 ya uzito wao kwa siku. Minyoo wana asidi ya arakidoniki, mafuta yanayosaidia mayai kukomaa, ambayo punje zangu hazina ya kutosha. Na tofauti unaiona kwa macho. Punje huizunguka, huigusa, huiacha. Mnyoo anadakwa kabla hajafika chini. Wasiwasi wangu ni ugonjwa wa madoa meupe, maana minyoo wanaweza kubeba virusi vyake na friza haiviui. Nawachimba mbali na mifereji ya mabwawa, ila roho haijatulia.

Wiki ya 5. Majike 3 wana mstari! Mmoja mstari umetanuka mwanzoni mwa mkia, umbo la almasi. Katoa mayai saa 8 usiku. Kwa kuhesabu sampuli, kama 200,000. Halikuanguliwa hata moja. Nikapekua daftari: alijivua gamba siku 8 nyuma, na wakijivua hutupa mbegu zote walizohifadhi. Baada ya hapo hakuna dume aliyempanda.

Nikakaa nikawatazama wakila. Majike wanawasukuma madume pembeni, minyoo wote wanaliwa na wakubwa. Mwezi mzima nimekuwa nikilisha upande mmoja.

Wiki ya 6. Madume sasa wanalishwa nyuma ya wavu, saa moja kabla ya majike. Jike wa pili katoa mayai, na baada ya saa 14 hivi nimewasha taa pembeni ya tangi: vumbi hai, yaani viluwiluwi, likaifuata. Nimepiga hesabu, theluthi moja hivi wameanguliwa. Kiini walichozaliwa nacho kitawafikisha kesho kutwa, na mwani wangu wa Chaetoceros, chakula chao cha kwanza, bado maji matupu yenye kivuli cha kahawia.