Uingereza: ukiongeza saa za kazi, benefiti inakubakizia nini?

Kwenye magrupu yetu ya ughaibuni ubishi haujabadilika: huyu anasema wanaokula benefiti, yaani fedha za msaada wa serikali, ni wavivu, yule anasema ukiongeza shifti unajipunja mwenyewe. Wachache wamekaa wakapiga hesabu. Tuipige, kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26.

Viza kwanza. Kama yako ina sharti la kutogusa fedha za umma, Universal Credit (benefiti ya kila mwezi ya wenye kipato kidogo) na Child Benefit (ya watoto) usiziombe; kuziomba ni kuvunja masharti, na matokeo yake utakutana nayo siku ya kuomba viza nyingine.

Iain Duncan Smith, aliyekuwa waziri wa kazi na pensheni, aliposimamia sheria ya 2012 iliyoanzisha Universal Credit, ahadi ilikuwa kwamba kazi italipa kuliko kukaa. Makato ya benefiti hiyo yalianza peni 65 kwa kila paundi ya mshahara baada ya kodi, yakashuka hadi 63 mwaka 2017, na mwishoni mwa 2021 yakawa 55.

Chukua mama anayelea mtoto peke yake, anasaidiwa pango, analipwa kima cha chini cha paundi 12.21 kwa saa. Kwa kuwa ana mtoto, paundi 411 za kwanza za mwezi haziguswi. Akifanya saa 16 kwa wiki anapata kama 847 kwa mwezi. Benefiti inapungua 240, yaani peni 55 kwa kila paundi iliyozidi hizo 411, kwa hiyo kazi imemwongezea 607. Si haba.

Sasa meneja anamwomba afike saa 30. Mshahara unakuwa 1,587. Kodi na National Insurance (mchango wa bima ya taifa) zinachukua kama 151, benefiti inapungua 564, kazi sasa inamwachia 872. Yaani saa 61 za ziada kwa mwezi zimemletea paundi 265: chini kidogo ya 4.40 kwa saa, na nauli bado hujatoa. Nafuu ya Council Tax (kodi ya nyumba ya halmashauri) nayo huenda ikapungua, kutegemea halmashauri. Anayegoma kuvuka saa 16 ana hesabu yake, msimwite mvivu.

Asiye na mtoto wala ugonjwa unaomzuia kufanya kazi hana hizo 411. Yeye hukatwa peni 55 tangu paundi ya kwanza.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni tarehe. Universal Credit huhesabu mwezi wako mmoja mmoja, lakini kazi nyingi za kea (kutunza wazee na wagonjwa) na za maghala hulipa kila wiki nne. Mwaka una malipo 13 ya namna hiyo, kwa hiyo kuna mwezi mmoja utakaoonekana na mishahara miwili, na benefiti itashuka au kufutika kabisa. Huo si uonevu wala kosa la mfumo: tazama kalenda mapema, weka akiba ya pango. Lakini kama unalipwa kwa mwezi na mwajiri alitanguliza mshahara kwa sababu ya wikiendi, andika kwenye jono yako ya mtandaoni (ukurasa wako wa Universal Credit wa kuwasiliana nao) uombe malipo hayo yahamishiwe kipindi chake. Hilo linaruhusiwa.

Ada ya kulelewa mtoto hurudishwa na Universal Credit hadi asilimia 85, ukomo wa 2025/26 ukiwa paundi 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Ripoti kila malipo kabla kipindi kinachofuata hakijaisha, ukiwa na risiti. Ukichelewa bila sababu nzuri unaweza kuzikosa. Anayeanza kazi au kuongeza saa aombe asaidiwe ada ya mwanzo kabla hajalipa, maana wengi hukwama hapo hapo.

Mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Carer's Allowance, ile ya anayemtunza mgonjwa nyumbani. Haipungui kidogo kidogo. Kwa viwango hivyo vya 2025/26, ukibakiwa na paundi 196 kwa wiki baada ya makato yanayokubalika, unapata 83.30 yote, ukizidisha paundi moja, unapoteza yote, na deni la wiki zilizopita linaweza kukufuata. Kabla ya kukubali ovataimu ya Krismasi, omba payslip (hati ya mshahara) ya makadirio.