Akaunti ya nini kufungua faili langu mwenyewe?

Barua pepe haiendi bila akaunti, na sioni ubishi hapo. Ujumbe ukiingia saa nane usiku kompyuta yako ikiwa imezimwa, lazima seva iuhifadhi na ijue nani ataruhusiwa kuuchukua asubuhi. Kutuma nako vilevile. SMTP, yaani kanuni za kutumia kutuma barua pepe, ya mwaka 1982 haikumdai mtumaji nywila. Seva nyingi zilipokea ujumbe wa yeyote na kuupeleka popote, watuma barua taka wakazigeuza punda wao. Uthibitishaji ulikuja kuongezwa mwaka 1999. Leo programu yako hutuma kupitia poti (mlango wa mtandao wenye namba) 587 au 465, kwa jina na nywila, na poti 25 imeachiwa seva zipelekeane zenyewe.

Ila programu ya kusomea barua ni jambo jingine. Thunderbird, kwa mfano, unaipa anwani, seva ya IMAP ya kusomea barua (poti 993), seva ya SMTP na nywila, basi. Akaunti ya Thunderbird haihitajiki. Kuna programu za simu zinazotaka ujisajili kwao kwanza, kisha zinaweka nywila au ruhusa yako kwenye seva zao ili zikuchungulie kisanduku na kukuletea arifa upesi. Hapo umemgawia mtu wa tatu ufunguo, na kuifuta programu kwenye simu hakuurudishi. Ingia kwa mtoa huduma wako wa barua, uiondolee programu hiyo ruhusa. Kama ulitoa nywila, ibadilishe.

Kwa programu inayoshughulikia mafaili yaliyo kwenye diski yako, zima intaneti halafu fungua faili moja. LibreOffice (ya nyaraka), VLC (ya video) na 7-Zip (ya mafaili yaliyobanwa) zitafungua. Programu ikigoma kwa kudai akaunti, akaunti hiyo inamlinda muuzaji, si wewe. Wala kisingizio cha leseni hakitoshi: faili la leseni lenye sahihi ya kidijitali hukaguliwa papo hapo kwenye kompyuta, bila seva yoyote.

Windows 11 Home hudai akaunti ya Microsoft wakati wa kuisimika. Ukishamaliza unaweza kuhamia akaunti ya ndani, iliyo kwenye kompyuta yako tu, kupitia mipangilio ya akaunti. Kabla ya hapo, angalia kama diski imesimbwa, yaani data yake haisomeki bila ufunguo. Ikiwa imesimbwa, ufunguo wa kuiokoa, wenye tarakimu 48, kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ile unayoiacha. Uchapishe kwenye karatasi. Siku ukibadilisha ubao mama (motherboard) wa kompyuta, Windows itaudai kabla haijawaka, na hakuna nywila itakayoziba pengo lake.