Wamefungwa mechi 121, kodi tunalipa sisi

Mwishoni mwa 2024 mama mmoja mtu mzima alisimama mbele yangu pale mapokezi ya hoteli ninayofanyia kazi, Chicago, Marekani, na bili yake mkononi. Alikuwa amekuja kwenye mkutano, sasa anaondoka. Aliposoma jina langu kifuani Kiingereza akakiacha palepale. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Tanga. Yeye wa Moshi. Tukafurahi kidogo, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kodi.

"Mwanangu, hii asilimia 17 na zaidi ni ya nini? Bei niliyoambiwa ni nyingine, ninayolipa ni nyingine. Na wewe mtoto wa nyumbani umekaa hapo unaniangalia. Mnatuibia."

Neno hilo lilinichoma. Sikumlaumu, kwa sababu kwetu bei ukiambiwa ndiyo bei, VAT imo humohumo. Huku kila kitu kina bei ya ubaoni na bei ya kweli, na wewe unayejiandaa kuja lijue hilo kabla hujapanga bajeti yako. Shati limeandikwa dola 20, ukifika kaunta si 20 tena. Chakula ni hivyohivyo, na juu yake kuna bakshishi, ambayo usipoiacha utatazamwa kama mwizi. Hoteli ndiyo imezidi: Chicago kodi ya chumba mwaka 2024 ilikuwa asilimia 17.4.

Nikamweleza mama mgao wake. Jimbo la Illinois linachukua chake, kaunti chake, jiji chake, kumbi za mikutano zina chake. Halafu kuna asilimia 2 inayokwenda kwenye mamlaka ya viwanja vya michezo ya jimbo, ile iliyojenga kiwanja cha White Sox, timu ya besiboli ya hapa Chicago, na baadaye ikakopa kwa ajili ya ukarabati wa Soldier Field, kiwanja cha Bears, timu ya futiboli ya Kimarekani.

"Kwa hiyo nimelipia kiwanja cha mpira. Hiyo timu inashinda, angalau?"

Ndugu zangu, nilimwambia ukweli. Mwaka huo wa 2024 White Sox walicheza mechi 162. Walishinda 41. Walifungwa 121. Besiboli haina sare, kwa hiyo hakuna pa kujifichia. Tangu mwaka 1901 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli iliyofungwa mara nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja. Rekodi ilikuwa ya New York Mets, waliofungwa 120 mwaka 1962, lakini wale walikuwa timu mpya, huo ndio msimu wao wa kwanza kabisa. Hawa wa kwetu wamo kwenye ligi hiyo tangu 1901 yenyewe. Mama alitikisa kichwa, akalipa, akaniombea Mungu anilinde, akaondoka. Mimi nimebaki na hasira mpaka leo.

Nasema "wa kwetu" kwa sababu naishi upande wa kusini wa jiji. Chicago ina timu mbili. Cubs wako kaskazini, kiwanja cha Wrigley, kwenye watalii na nyumba za pesa. Sox wako kusini, mtaa wa 35, unashuka treni ya laini nyekundu mlangoni. Mtu wa Kariakoo hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Nilipofika, mfanyakazi mwenzangu wa usafi wa vyumba, mama Mmarekani mweusi aliyezaliwa na kukulia kusini, ndiye aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza. Alininunulia tiketi na chakula, akanieleza mchezo mpigo kwa mpigo bila kuchoka. Mimi sikuwa na ndugu hapa. Yeye hakuwa na sababu yoyote ya kunifanyia vile. Timu ya mtu aliyenipokea ndiyo timu yangu, na sitaibadilisha kwa sababu inafungwa.

Lakini kufungwa huku si kwa kawaida. Walianza msimu kwa kushinda 3 na kufungwa 22. Julai 10 wakaanza mfululizo wa kufungwa uliodumu hadi Agosti 5, mechi 21 bila ushindi hata mmoja, wakaifikia rekodi mbaya ya American League, ile nusu ya ligi kuu wanayochezea, iliyokuwa ya Baltimore tangu 1988. Wakiwa katikati ya mfululizo huo, Dylan Cease, mrushaji waliyempeleka San Diego mwezi Machi kabla hata ligi haijaanza, akarusha raundi zote 9 bila mpinzani kupata pigo hata moja safi. Kazi hiyo kuna warushaji wakubwa wanaostaafu hawajaifanya. Yeye kaifanya akiwa na jezi ya watu wengine, na sisi tunaangalia.

Kocha Pedro Grifol walimfukuza Agosti 8, timu ikiwa imeshinda 28 na kufungwa 89. Hebu pima. Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5 kwa 1. Mechi moja. Robertinho, kocha wa Simba, hakumaliza wiki.

Kuna watu wataniambia huko ni kukosa subira. Subira watu wa kusini wanayo. Tangu mwisho wa 2016, walipompeleka Boston mrushaji wao nyota Chris Sale, waliambiwa wavumilie, timu inajengwa upya kwa vijana. Wakavumilia. Mwaka 2021 wakashinda mechi 93 na kuongoza kundi lao, watu wakaamini kazi imeiva. Mwaka uliofuata 81 kwa 81. Mwaka 2023 wakafungwa 101. Mwaka 2024 ndiyo hizo 121. Nyumba ilifika kwenye lenta, ikabomolewa, na waliochangishwa matofali wanaambiwa walete mengine.

Mimi nimekulia Tanga na naijua aibu ya timu. Msimu wa 2015/16 ligi kuu yetu ilishusha timu tatu, na zote tatu ni za Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Mji mzima ulibaki bila timu ligi kuu. Coastal, waliokuwa mabingwa wa nchi 1988! Baba yangu hakuwasha redio kwa muda mrefu. Lakini aibu ile ilikuwa na haki ndani yake. Umecheza vibaya, umeshuka, nenda kacheze huko chini kwenye viwanja vya vumbi mpaka ujirekebishe. Na Coastal, Wagosi wetu, walijirekebisha. Wakarudi 2018, na msimu wa 2023/24 wakamaliza nafasi ya 4 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mtu wa Tanga alilipia makosa yake, akasimama tena.

Huku hakuna kushuka daraja. Timu 30 ni zilezile, zinashiriki pesa za televisheni za taifa, na ya mwisho inagawiwa kama ya kwanza. Umefungwa mara 121, mwakani uko palepale na jezi zako. Kwa kawaida ligi huzipa timu dhaifu nafasi za mbele kuchagua vijana wapya, lakini kuna sheria inayozuia timu za miji mikubwa kupata nafasi hizo za juu miaka miwili mfululizo, kwa hiyo mwaka 2025 Sox hawakuweza kuchagua kabla ya nafasi ya 10. Walifungwa kuliko wote na hata hicho kifuta machozi hawakupata.

Na mwenye timu? Jerry Reinsdorf ameongoza timu hii tangu 1981. Ndiye pia mwenye Chicago Bulls, ile ya Jordan ambayo sote tulivaa fulana zake za mtumba. Ni haki nimpe kilicho chake: 2005 White Sox walichukua ubingwa, wakawafunga Houston mechi 4 kwa 0, ubingwa wa kwanza tangu 1917. Wazee wa mtaani kwangu wakiusimulia utadhani ni jana, na nafurahi nao. Lakini hadi 2024 ilikuwa miaka 19 imepita. Hakuna mkutano mkuu wa wanachama, hakuna kadi, hakuna mahali pa kusimama na kipaza sauti ukauliza fedha zimekwenda wapi. Simba na Yanga wana matatizo yao mengi na nimewahi kuyaandika, ila mwanachama anayo sauti, na kiongozi anaiogopa.

Mashabiki wa hapa sauti yao waliipeleka uwanjani. Mwishoni mwa Septemba 2024 Sox walirudi nyumbani wakiwa wamefungwa 120, kwa mechi zao za mwisho za nyumbani msimu ule, dhidi ya Angels. Nilikwenda usiku wa kwanza na yule mfanyakazi mwenzangu. Watu walikuwa wanaimba kwa umoja, "Uza timu! Uza timu!" Wazee wa miaka sabini, watoto wao na wajukuu. Usiku huo tukashinda 3 kwa 2. Tukashinda zote tatu za nyumbani. Rekodi ikavunjwa Septemba 27 Detroit, ugenini, siku ambayo wenyeji nao walikuwa wanasherehekea kufuzu hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014. Mwenzangu yule hakulia wala hakutukana. Alisema tu kwamba wachezaji wale vijana wamestahili zaidi ya walichopewa. Nakubaliana naye. Kijana anayeingia kila jioni kucheza huku anazomewa nyumbani kwake si wa kulaumiwa.

Sasa rudini kwenye ile asilimia 2. Mwaka huohuo wa 1988 ambao Coastal wanabeba ubingwa, White Sox walikuwa wanatishia kuhamia Florida, ambako kiwanja kilikuwa tayari kinajengwa. Bunge la jimbo likakaa usiku wa Juni 30, gavana James Thompson akizunguka ukumbini kuomba kura za kuwajengea kiwanja kipya kwa kodi hiyo ya hoteli. Muda wa kikao ulikwisha saa sita usiku, kura zikatimia baada ya hapo, na kumbukumbu zikaandikwa kana kwamba saa sita haijafika. Ndipo kiwanja kikapatikana, kikafunguliwa 1991, mali ya umma, timu ikiwa mpangaji. Mkataba wao unaisha 2029. Na Februari 2024, kabla ya kurusha mpira wa kwanza wa msimu ule wa aibu, mwenye timu alikwenda Springfield, makao makuu ya jimbo, kuonana na wabunge kuhusu kiwanja kingine kipya karibu na katikati ya jiji, na kiasi kilichotajwa kutoka mfuko wa umma kilikuwa kama dola bilioni moja.

Dola bilioni moja. Mimi hapa nikichelewa mara chache naandikiwa onyo, na jimboni hapa mwajiri anaweza kukuachisha kazi leo bila kukupa sababu, ilimradi si kwa jambo lililokatazwa na sheria, kama ubaguzi. Nimeona mtu anaambiwa akabidhi kitambulisho katikati ya zamu, na yeye ana watoto na kodi ya pango inamsubiri. Mnaopanga kuja kufanya kazi huku, msije mkidhani kazi ya huku ni kama ajira ya serikali. Weka akiba ya miezi mitatu kabla hujatuma hata senti nyumbani, hata kama mjomba atanuna. Kwa kodi ya miezi mitatu ya chumba changu mimi ungepanga nyumba nzima Raskazoni, kule Tanga, mwaka mzima, ndiyo ujue akiba hiyo si ndogo.

Vijana mnaoniuliza kama besiboli inaweza kuwaleta huku, njia ipo ila ni nyembamba. Waganda wametangulia: watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Pennsylvania, 2012, na kuna vijana wa Uganda waliosajiliwa kwenye timu za chini za ligi kuu. Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kucheza ligi kuu yenyewe ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, 2017. Someni kwanza.

Wenye kadi ya ukaazi kama mimi hatupigi kura. Tunalipa tu. Wengi wetu tunakaa hivyo miaka na miaka, tunaogopa ada ya maombi ya uraia na mtihani wake, au tunasubiri nyumbani waruhusu uraia pacha. Kila mtu na uamuzi wake, na kuiachia pasi ya Tanzania ni jambo zito, siwezi kumshauri mtu kirahisi. Wangu nimeshauamua. Nikitimiza miaka yangu mitano naomba. Wabunge wa jimbo wanachaguliwa, na kabla ya 2029 kufika watapita mitaani kwetu kuomba kura. Wa kwangu akigonga mlango nitamwuliza swali moja tu, atapigaje kura siku ya kiwanja hicho, na nitataka anijibu hapohapo mlangoni.