Disney Springs: jioni moja inatosha
Tulipokuwa kwa dada yangu Orlando, Florida, tulibishana kama Disney Springs, eneo la maduka na migahawa lililofunguliwa mwaka 1975 kwa jina jingine na kupewa jina la sasa mwaka 2015, linastahili kutembelewa na watu wasiokusudia kununua chochote. Kiingilio hakuna, na maegesho ya ghorofa ni bure, jambo ambalo si dogo kwa familia iliyokwisha kulipia tiketi za bustani za burudani. Wanangu waliganda ukingoni mwa ziwa wakilitazama joka la majini lililojengwa kwa LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea. Bei za vyakula, kusema kweli, ziliniondolea njaa. Tulifika saa kumi na moja jioni tukiwa tumeshiba wali wa dada, na saa mbili tukaondoka.