Tarakimu 48 kabatini kwa dada

Laptopu yangu ya zamani ilipokufa, niliipeleka kwa fundi Kariakoo. Hakuniuliza nywila. Alifungua skrubu, akachomoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake kwa waya wa USB. Papo hapo picha, barua na hesabu zangu zote zikajaa kwenye kioo chake. "Umepona, dada, kila kitu kipo," akasema.

Nilimshukuru, ila sikulala vizuri. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, na humo nimehifadhi nakala za vitambulisho vya wanachama. Nilidhani nywila inatosha. Kumbe ni kufuli la mlango tu, na mwizi wa laptopu huondoka na nyumba nzima.

Nilipopata mpya, yenye Windows 11, jioni moja nikaketi na mipangilio ya usalama. Kuna kinga inayozuia programu ngeni kuandika kwenye folda zako, dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Niliiwasha, na programu yangu ya hesabu ikagoma kuhifadhi mpaka nilipoiongeza kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Nyingine, ya kulinda kiini cha mfumo, ilikataa kuwaka kwa sababu ya draiva, yaani programu inayoiendesha skana yangu kuukuu. Skana naihitaji kila wiki, nikaiacha kinga hiyo.

Kilichonipa kigugumizi ni usimbaji fiche wa diski. Ukiuwasha, diski ikichomolewa haisomeki bila ufunguo wa tarakimu 48. Hata wewe mwenyewe, ukiupoteza, kwaheri. Niliahirisha wiki mbili. Mwishowe nikajiuliza ninaogopa nini hasa: mdukuzi wa mbali, au kijana wa kuninyang'anya mkoba kituo cha daladala? Jibu nililijua. Nikanakili mafaili kwenye diski ya nje, nikauwasha. Ufunguo hujihifadhi kwenye akaunti ya Microsoft, lakini niliuandika pia kwa mkono, nikaipeleka karatasi kwa dada yangu Mbagala.

Miezi michache baadaye BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ilisasishwa, na nilipowasha nikakuta kioo cha bluu kinadai ufunguo. Akaunti nayo ikataka kutuma msimbo kwenye laini ya simu niliyokwisha kuiacha. Huo ulikuwa uzembe wangu. Nikampigia dada.

Alinisomea mafungu manane ya tarakimu sita sita, taratibu, huku wanawe wakipiga kelele. Ukakataliwa. Akarudia, ukakataliwa tena. Hapo nikakumbuka nilichowahi kusoma: kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Nikachukua kikokotoo cha simu, nikagawanya moja moja. La tano likaleta baki.

"Dada, hebu tazama la tano. Hiyo moja, si saba kweli?"

"Mdogo wangu, mwandiko wako huu! Inaweza kuwa saba."

Ilikuwa saba. Kompyuta ikafunguka.

Siku hiyo hiyo nilibadilisha namba kwenye akaunti, nikaandika karatasi mpya, saba zote zikiwa na kistari katikati. Ile kinga niliyoiacha bado imezimwa. Skana ikifa, nitaiwasha.