Beti 15 kwa Asubuhi Nzima

Tanga, likizo ya Juni

Semina ya fasihi na historia kwa vijana wa sekondari huharibika mapema, siku ile mwalimu anapochagua matini. Huwaza kwamba hawa ni wepesi na wametoa likizo yao kwa hiari, basi wapewe mengi. Hugawa kurasa 40 za kusomwa usiku. Kesho yake wachache wamemaliza, wengine wamerukaruka, na mazungumzo yanakuwa muhtasari wa wale waliomaliza. Naamini kinyume kabisa: mwenye kiu ya kusoma ndiye wa kupewa kidogo, akikamue kama nazi, tui la kwanza na la pili.

Hapa Tanga matini ya kuanzia haiko mbali. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima ulitungwa na mtu wa pwani hii hii, vita vya 1888 na 1889, ambavyo Abushiri aliwaongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, vikiwa bado vibichi. Beti 15 zinatosha. Kila ubeti una mistari minne ya mizani (silabi) nane, kwa hiyo jumla ni mistari 60, nayo huenea kurasa mbili ukiacha pambizo pana ya kuandikia kwa penseli. Weka namba kila mstari wa tano. Pasipo namba, muda mwingi huliwa na "wapi hapo?"

Utenzi haukutungwa usomwe kimya. Mara ya kwanza mmoja aghani, wenzake wasikilize bila karatasi. Mara ya pili kila mtu asome ubeti wake huku wengine wakihesabu mizani kwa vidole. Mstari ukifika mizani tisa, mara nyingi kuna neno limesomwa vibaya, na kijana hulazimika kulirudia badala ya kulipita.

Kisha dakika 15 za kuandika maswali, kila mtu peke yake. Hapa ndipo penye kazi. "Je, Abushiri alikuwa shujaa?" ni swali linalozaa hotuba, anaweza kulijibu hata asiyefungua karatasi. "Mshairi anamtaja nani kwa jina, na nani anamwacha bila jina?" hulazimisha macho kurudi kwenye mstari, na jibu lake huzaa swali la pili lililo gumu zaidi. Swali lisilohitaji ukurasa uliopo mezani liwekwe kando, hata likiwa zuri.

Vijana 12 wanatosha. Wakizidi 15, wapole hawasikiki tena. Unganisheni meza ziwe mraba, mwalimu akae ubavuni, mbali na ubao. Akishauliza, anyamaze na ahesabu moyoni hadi kumi. Ni vigumu kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi aliyezoea mtihani huamini jibu liko tayari kichwani mwa mwalimu, naye husubiri litolewe. Ukilitoa mara moja tu siku ya kwanza, wiki nzima watakutazama wewe badala ya kuitazama karatasi.

Lugha nayo ina uzito. Sekondari wengi wamesoma historia kwa Kiingereza, wakakariri sababu na matokeo kwa vifungu. Mjadala ukiendeshwa kwa Kiswahili, vifungu hivyo havisaidii tena, na anayeonekana bubu darasani huanza kubisha kwa hoja. Hilo pekee lanitosha kuitetea semina ya namna hii.

Siku ya tatu au ya nne iletwe sauti ya upande wa pili. Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha maki milioni mbili za kampeni ya Hermann Wissmann, aliyetumwa kuuzima upinzani wa pwani, na sababu iliyotangulizwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Wape vijana ukweli huo mkavu pamoja na tarehe ya kunyongwa kwa Abushiri huko Pangani, Desemba 1889, kisha wajadili: anayeomba fedha bungeni huvieleza vipi vita, na anayeghani kwa watu wa Mrima huvieleza vipi? Wasiruhusiwe kumwamini mshairi kwa kuwa ni wetu. Naye alikuwa na upande, na kuutafuta upande huo ndani ya beti ni kumheshimu.

Safari ya Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, yapata kilomita 17 kusini mwa mji kwenye njia ya Pangani, ifanyike asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kosa la kawaida ni kumwachia mwongozaji aeleze yote. Nusu saa ya kwanza iwe ya kuchora tu: kaburi moja la nguzo, vipimo kwa hatua, na vishimo ambamo bakuli za kaure zilipachikwa. Maelezo yaje baadaye, watakapokuwa na la kuuliza. Ijumaa msiende, sala itawakatiza katikati ya kazi.

Insha iwe ya maneno 600, rasimu ya kwanza siku ya sita kati ya siku kumi. Kusahihisha kila kosa humvunja moyo mwandishi na kuficha lililo kubwa. Mimi hupendelea alama mbili tu: duara penye dai lisilo na namba ya mstari, na mstari chini ya sentensi ambayo mwandishi amefikiri mwenyewe. Rasimu irudi kesho yake asubuhi, kabla ya chai, aketi nayo siku nzima.